Kipimajoto Kisicholala
Na mwanafunzi wa Kidato cha 6

Somo la safari hii lahusu vitu vitatu: bodi ya maikrokontrola, vihisi vinavyopima joto, na kumbukumbu ya nje inayohifadhi yaliyopimwa. Najua wengi wenu mkisikia maneno hayo mtafikiri ni mambo ya Chuo Kikuu. La hasha! Mwanafunzi wa Kidato cha 2 aliyekwisha kujifunza umeme darasani, tena mwenye subira, aweza kuyafanya haya kwa mikono yake mwenyewe. Wala sitayaeleza kama mchezo wa kuwasha na kuzima taa. Nitayaeleza kwa kazi moja ya kweli, nayo ni kuilinda friji ya chanjo katika zahanati.

KWA NINI FRIJI YA CHANJO

Chanjo nyingi za watoto hutunzwa katika friji ambayo joto lake halipungui digrii 2 wala halizidi digrii 8 za Selsiasi. Joto likizidi kwa muda mrefu, chanjo kama ile ya surua hupoteza nguvu. Na baridi ikizidi hata dawa ikaganda, chanjo kama ile ya pepopunda huharibika, wala haifai tena hata ikiyeyushwa. Juu ya chupa nyingi pana alama ndogo inayobadilika rangi kwa joto, lakini alama hiyo haisemi neno lolote juu ya baridi.

Fikirini, basi, mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni. Mtoto anadungwa sindano, analia, kadi inaandikwa, na mama anarudi nyumbani moyo wake umetulia. Kumbe dawa ile haina nguvu kupita maji. Hakuna aliyesema uongo, hakuna aliyeiba. Ni usiku mmoja tu ambao habari zake hazikujulikana.

Katika zahanati iliyo jirani na shule yetu hapa Uganda, muuguzi husoma kipimajoto asubuhi na jioni, akaandika katika karatasi iliyobandikwa mlangoni pa friji. Hiyo ndiyo kanuni, naye huifuata vizuri. Lakini kati ya jioni na asubuhi pana saa 12. Umeme ukikatika saa 4 usiku na kurudi saa 10 alfajiri, yeye ataona digrii 5 asubuhi kana kwamba hakukuwa na jambo. Akijua tu kwamba umeme ulikatika, asijue ni kwa muda gani, amekwama: akizitupa chanjo, huenda akatupa nzuri, akizitumia, huenda akatumia mbovu. Anachohitaji ni mlinzi asiyelala, mwenye kuandika kila dakika 10.

Kabla ya kuendelea, neno moja la tahadhari. Kifaa tutakachokitengeneza hakichukui mahali pa kipimajoto kilichoidhinishwa na wizara ya afya. Kinakaa kando yake, kama shahidi wa pili.

BODI YENYEWE

Bodi niliyotumia ni ile iitwayo Arduino Uno. Kazi ya Arduino ilianzia katika mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, na bodi ya Uno ilitolewa mwaka 2010. Moyo wake ni chipu moja, ATmega328P, inayofanya kazi kwa volti 5 na kupiga mapigo 16,000,000 kwa sekunde.

Chipu hiyo ina kumbukumbu za namna tatu, na ni sharti tuzitenganishe vizuri, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Ya kwanza ni ya kushika programu. Ina baiti 32,768, nayo haifutiki umeme ukikatika. Mfano wake ni kitabu cha masomo: mwanafunzi hukisoma, hakiandiki.

Ya pili ni ya kazi ya wakati uleule. Ina baiti 2,048 tu. Hiyo ni ubao wa darasani: twaandika na kufuta upesi, lakini umeme ukikatika yote yamefutika.

Ya tatu ni daftari dogo lisilofutika, lenye baiti 1,024. Hili laweza kuandikwa na programu yenyewe, na maandishi hubaki hata umeme ukizimika.

Sasa tupige hesabu. Kila tukipima twataka kuandika mambo matatu: wakati, joto la ndani ya friji, na joto la chumba. Wakati wahitaji baiti 4, na kila joto baiti 2. Jumla ni baiti 8. Lile daftari dogo la baiti 1,024 litaingiza vipimo 128 tu. Tukipima kila dakika 10, twapima mara 144 kwa siku. Basi daftari limejaa kabla siku moja haijaisha! Ndiyo sababu hapana budi tuongeze kumbukumbu ya nje.

KIHISI CHA JOTO

Kihisi nilichochagua ni DS18B20. Chaweza kununuliwa kikiwa kimefungwa ndani ya bomba dogo la chuma kisichoshika kutu, chenye waya mrefu, hivi kwamba maji hayakidhuru. Hupima kutoka digrii 55 chini ya sifuri mpaka digrii 125 juu yake. Katikati ya digrii 10 chini ya sifuri na 85 juu yake, kosa lake halizidi nusu digrii. Kwa hiyo kikisema 2.3, ukweli waweza kuwa 1.8. Yakumbukeni haya wakati wa kuamua.

Uzuri wa kihisi hiki ni kwamba hakituletei volti za kukisia, bali hutuma hesabu iliyokwisha tengenezwa. Kila digrii moja huigawa sehemu 16. Hivyo digrii 2 huletwa kama 32, digrii 4 kama 64, na digrii 8 kama 128. Programu yetu huandika hesabu hiyohiyo katika baiti 2 bila kuibadili.

Jambo la pili la kupendeza: kila kihisi kimepewa kiwandani namba yake ya biti 64, isiyofanana na ya mwingine. Kwa sababu hiyo vihisi viwili, au hata kumi, vyaweza kutumia waya mmoja wa habari. Bodi humwita kila mmoja kwa namba yake, kama mwalimu aitavyo majina asubuhi, na yule aliyeitwa ndiye ajibuye.

Kihisi kimoja kitaingia ndani ya friji, na cha pili kitakaa chumbani. Kile cha ndani msikiache kikining'inia hewani, maana kila mlango ukifunguliwa hewa ya joto huingia, kihisi kikapiga kelele bure, na hali chupa za chanjo bado ni baridi. Kitieni katika chupa ndogo iliyojaa mchanga mkavu. Mchanga hupata joto polepole, kwa hiyo kihisi husema hali ya vitu vilivyomo, siyo hali ya upepo unaopita.

SAA

Bodi ya Uno haijui ni saa ngapi. Kila ikiwashwa huanza kuhesabu tangu sifuri. Twahitaji saa yenye betri yake yenyewe. Nimetumia DS3231, ambayo huwa juu ya kibao kidogo chenye mahali pa betri ya duara. Katika joto la kawaida, saa hiyo haipotezi wala haizidishi hata dakika moja na nusu kwa mwaka mzima. Angalieni jambo moja: baadhi ya vibao hivyo vina njia ya kuchaji betri, na betri ya CR2032 siyo ya kuchajiwa. Mwulizeni fundi kwanza, au tumieni betri ya namna inayochajiwa.

KUMBUKUMBU YA NJE

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Chipu ya kumbukumbu niliyotumia ni 24LC256. Ni ndogo kama ukucha, ina miguu 8, na hushika baiti 32,768. Gawanyeni kwa 8, mtapata vipimo 4,096. Kwa kupima kila dakika 10, hiyo ni siku 28 na saa 10 na dakika 40, yaani wiki nne na zaidi kidogo. Muuguzi hutuma taarifa yake kila mwezi. Basi akisoma kumbukumbu kila wiki ya nne hapotezi kitu.

Wako watakaouliza, "Mbona usitumie kadi ya kumbukumbu kama ile ya simu, yenye nafasi kubwa mara maelfu?" Swali ni zuri. Kadi hiyo yafaa, lakini hutaka volti 3.3, siyo 5, kwa hiyo yahitaji kibao cha kushusha volti. Tena programu yake hukalia baiti 512 za ule ubao wetu wa baiti 2,048, yaani robo nzima. Na umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili laweza kuharibika. Kwa kazi ya namba chache, chipu ndogo yatosha. Asiyebeba mzigo mkubwa hahitaji lori.

KUUNGANISHA NYAYA

Saa na kumbukumbu hukaa pamoja juu ya nyaya mbili tu, kwa utaratibu uliobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982. Waya mmoja, SDA, hubeba habari. Wa pili, SCL, hupiga mapigo ya kuongoza mwendo. Katika bodi ya Uno, SDA ni pini A4 na SCL ni pini A5. Kila kifaa kina anwani. Kwa hesabu ya vikundi vya 16, saa ina anwani 68, na kumbukumbu yaweza kupewa yoyote kati ya 50 na 57.

Zimeni umeme kwanza, ndipo mfuate hatua hizi:

1. Itazameni chipu ya kumbukumbu. Ikiwa alama ya kibonyeo iko juu, mguu wa 1 uko kushoto juu. Hesabuni kushuka kushoto mpaka 4, kisha 5 ni chini kulia, mkapanda mpaka 8.

2. Miguu 1, 2 na 3 ni ya anwani. Iungeni yote na upande wa ardhi, yaani GND. Hapo anwani ni 50. Msiiweke kwenye 57, kwa sababu vibao vingi vya saa vina kumbukumbu ndogo ya ziada inayokaa anwani hiyo. Nyumba mbili zenye anwani moja, barua hupotea.

3. Mguu wa 4 uungwe GND, na mguu wa 8 uungwe volti 5. Mguu wa 7 ni kufuli ya kuzuia kuandika. Uungeni GND ili kufuli ifunguke.

4. Mguu wa 5 uende A4, na mguu wa 6 uende A5. Nyaya za SDA na SCL za saa ziende papo hapo.

5. Kutoka SDA kwenda volti 5 wekeni rezista ya omu 4,700, na nyingine kama hiyo kutoka SCL. Vifaa hivi vyajua kuvuta waya chini tu; rezista ndiyo inayourudisha juu. Bila rezista hamtasikia jibu. Ila kama kibao cha saa kina rezista zake, kama ilivyo mara nyingi, hizo zatosha.

6. Vihisi viwili vya joto: waya mwekundu volti 5, waya mweusi GND, na waya wa habari pini 2. Kati ya pini 2 na volti 5 wekeni rezista moja ya omu 4,700. Rangi za nyaya hutofautiana kwa watengenezaji, kwa hiyo someni karatasi ya muuzaji kwanza.

Nyaya za SDA na SCL ziwe fupi, zisizidi urefu wa rula ya shuleni. Waya wa kihisi waweza kuwa mita kadhaa. Basi bodi na ikae juu ya friji, na waya wa kihisi peke yake upite penye mpira wa mlango.

Kwa umeme nimetumia betri ya kuchajia simu, ile pawabanki, iliyo ya namna inayoweza kuchajiwa na kutoa umeme kwa wakati mmoja. Umeme wa ukutani ukikatika, kifaa huendelea. Lakini chagueni kwa makini, maana baadhi hujizima zenyewe zikiona mzigo ni mdogo.

PROGRAMU

Sitaandika programu nzima hapa, maana nafasi haitoshi, lakini nitataja mpango wake.

Kwanza, bodi ikiwashwa isome vipimo vyote 4,096 na kutafuta kile chenye wakati wa mwisho kabisa. Mahali ambapo hapajaandikwa huonekana kama 255 katika kila baiti. Kipimo kipya kitaandikwa baada ya hicho cha mwisho. Na nafasi ikiisha, kianze tena mwanzo juu ya kile cha zamani kuliko vyote.

Wengine hupenda kuandika namba ya ukurasa mahali pamoja pa kudumu, wakaibadili kila mara. Msifanye hivyo. Kila mahali katika kumbukumbu pana kiasi chake cha kuandikwa: mara 100,000 kwa daftari la ndani ya bodi, na mara 1,000,000 kwa chipu yetu ya nje. Ukiandika mahali pamoja mara 144 kwa siku, daftari la ndani litafika kiasi chake kabla ya miaka miwili.

Pili, kila baada ya dakika 10 viamriwe vihisi vipime. Vikipima kwa ukamilifu wake huchukua robo tatu ya sekunde, basi ngojeni. Kihisi kikileta digrii 85 hasa, msikimbie kumwita muuguzi! Hiyo ni hesabu kiliyonayo kinapowashwa, kabla hakijapima kitu. Itupeni, mpime upya.

Tatu, andikeni baiti 8 kwa pamoja. Chipu hii imegawanywa kurasa za baiti 64. Ukiandika ukavuka mwisho wa ukurasa, hairuki kwenda ukurasa wa pili, bali hurudi mwanzo wa ukurasa uleule na kuandika juu ya maneno ya kwanza. Lakini 64 hugawanyika kwa 8 bila baki, kwa hiyo vipimo vyetu havivuki mpaka kamwe. Hii ndiyo sababu ya kuchagua baiti 8 badala ya 7 au 9.

Nne, baada ya kuandika ngojeni milisekunde 5, maana chipu haijibu inapokuwa bado yaandika.

KUPIMA KIPIMO

Kifaa kisichohakikiwa ni kama shahidi asiyejulikana. Sagasageni barafu, mtie katika kikombe na maji kidogo, mkoroge, mtumbukize kihisi dakika chache. Kisome sifuri, au karibu yake kwa nusu digrii. Msitumie maji yanayochemka, kwa kuwa sehemu nyingi za nchi yetu ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na huko maji huchemka kabla ya kufika digrii 100.

TULICHOKIONA

Kwa ruhusa ya muuguzi, kifaa chetu kilikaa wiki nne katika zahanati. Mwisho tulikiunga na kompyuta, tukachora vipimo katika karatasi ya grafu. Sote tulikuwa tumedhani kwamba adui ni joto la umeme kukatika. Kumbe mstari ulisema neno jingine. Umeme ulikatika kweli, lakini friji iliyofungwa vizuri ilishika baridi yake. Shida ilikuwa alfajiri: chumba kilipopoa na mlango haukufunguliwa, joto la ndani lilishuka chini ya digrii 2, kisha likapanda lenyewe kabla ya muuguzi kufika. Karatasi ya mlangoni haikuweza kuliona jambo hilo hata siku moja.

Muuguzi aliitazama grafu kwa muda mrefu. Kisha alizitenga chanjo zinazodhurika kwa baridi, akawapigia simu wakubwa wake wa wilaya waje kuzikagua, akapunguza nguvu ya friji na kuzisogeza chupa mbali na sehemu ya barafu. Hakulaumiwa mtu, maana hakuna aliyekuwa ameona. Asiyejua hana hatia, lakini akijulishwa anao wajibu.

Ninyi ndugu zetu mliotangulia, mlio katika zahanati, katika vituo vya kupozea maziwa na katika maghala ya mahindi, mfikiri ni wapi kwenu ambapo usiku hauna shahidi. Mkituandikia, tutajaribu kusaidia.

MASWALI YA KUJIZOEZA

1. Kihisi kimeleta hesabu 104. Hiyo ni digrii ngapi? Je, friji iko salama?

2. Tukiacha kupima joto la chumba, kila kipimo kitakuwa baiti 6. Chipu itashika vipimo vingapi, na kwa siku ngapi? Tena, ni hatari gani itaingia kwa habari ya kurasa za baiti 64?

3. Chipu 8 za namna hii zaweza kukaa juu ya nyaya mbili, kila moja na anwani yake. Zitashika vipimo vya siku ngapi? Na kwa nini, tukitumia kibao cha saa chenye kumbukumbu ya ziada, zitakaa 7 tu?

4. Joto likiwa digrii 1 chini ya sifuri, baiti 2 zikisomwa bila kujali alama ya kutoa huonekana kama 65,520. Elezeni sababu.

Mwenye majibu na amletee mhariri kabla ya kufunga shule.